Kwa nini madereva wa Monza hugombania kuwa nyuma?

Mkaazi wa Wete aliuliza:

Assalaam alaykum. Nina suali ambalo halinitoki kichwani tangu nilipotazama tena picha za mashindano ya kupanga nafasi ya magari ya Formula 1 (yale ambayo kila dereva hupimwa muda wa mzunguko wake bora, ili ijulikane nani ataanza mbele siku ya mbio) yaliyofanyika kiwanja cha Monza, Italia, Septemba 2019. Dakika za mwisho zilipofika, magari yalitoka kwa pamoja, lakini badala ya kukimbia, kila dereva akawa anapunguza mwendo na kumpisha mwenzake, mithili ya wageni waliokutana mlangoni na kila mmoja anamwambia mwenziwe atangulie yeye. Walipishana hivyo mpaka muda ukamalizika, na wengi wao wakawa hawajavuka mstari wa kuanzia mzunguko wao wa mwisho. Charles Leclerc wa Ferrari akabakia wa kwanza kwa muda aliokwisha kuuweka, akimzidi Lewis Hamilton kwa sekunde 0.039 tu.

Mimi nimekulia kwenye resi za ngalawa, na nijuavyo ni kwamba anayetaka kushinda hutangulia. Je, huko nyuma kuna faida gani hata watu wakaigombania kiasi hicho? Na ikiwa faida ipo, mbona katika mbio zenyewe hakuna anayekubali kupitwa?

Fundi wa Mwembeladu alijibu:

Wa alaykum salaam. Jibu la suali la kwanza ni upepo, au kwa usahihi zaidi, hewa ambayo gari hulazimika kuipasua. Nadhani kila aliyewahi kupanda baskeli kutoka Chake kwenda Wete analijua jambo hili mwilini mwake: lori likikupita nawe ukajibanza nyuma yake, miguu huwa miepesi ghafla, kwa sababu kazi ya kuisukuma hewa imekwisha kufanywa na lori. (Sisi tulichapwa kwa mchezo huo, na tulistahiki.)

Sasa ukizidishe kisa hicho. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na magari ya Formula 1 pale Monza hupita kilomita 340 kwa saa. Kiwanja hicho kilijengwa mwaka 1922 ndani ya bustani ya kifalme karibu na Milan, na mzunguko wake wa kilomita 5.793 ni njia nyoofu ndefu zilizounganishwa na kona chache. Dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho kwa zaidi ya robo tatu ya mzunguko mzima, na ndiyo maana timu huyafunga magari mabawa membamba kuliko yale ya viwanja vingine, ili hewa isiwe na pa kushikia. Mahali kama hapo, anayefuata nyuma ya mwenzake huikuta hewa imekwisha kupasuliwa, naye huvuna sehemu za kumi za sekunde bila ya jasho. Ikiwa wa kwanza na wa pili wametofautiana kwa sekunde 0.039, utaona mwenyewe kwa nini hakuna aliyetaka kuwa lori.

Nahodha wa Nungwi alijibu:

Ndugu yangu wa Wete, mfano wako wa ngalawa umenifurahisha, lakini naona ndio unaokupoteza. Hata baharini, upepo ukiwa unatoka nyuma, aliye nyuma anaweza kumziba aliye mbele, tanga lake likalegea na chombo kikapungua mwendo. Yaani anayemuibia mwenzake ni wa nyuma, na anamuibia kitu anachokihitaji. Kwenye magari ni kinyume: hewa ni adui, na wa mbele humkinga wa nyuma bila ya kupenda.

Fundi, hata hivyo, ametaja nusu ya habari. Hewa ile ile ambayo ni adui kwenye njia nyoofu ndiyo inayolikandamiza gari chini lisiteleze kwenye kona. Aliye karibu mno na mwenzake huingia kona za Lesmo au Ascari akiwa na hewa iliyovurugika, gari likawa jepesi, tairi zikateleza na kupata moto. Kwa hiyo siku ya kupanga nafasi hutafutwa umbali maalumu, yaani karibu kiasi cha kukingwa na mbali kiasi cha kuingia kona kwa usalama. Kila mmoja alikuwa akiutafuta umbali huo kwa wakati mmoja, na hapo ndipo msafara ulipokwama.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1971, kabla ya kuwekwa zile kona za kupunguza mwendo, magari yalikwenda kwa makundi na uongozi ukabadilika kila mara. Peter Gethin alishinda kwa sekunde 0.01, na magari matano ya mwanzo yalivuka mstari ndani ya sekunde 0.61. Siku hiyo, kuongoza kabla ya kona ya mwisho hakukuwa na maana yoyote.

Bint Mkoani alijibu:

Nami nijibu suali la pili, ambalo naona limeachwa pembeni. Katika mbio zenyewe hakuna anayejitolea kupitwa kwa sababu nafasi iliyopotea hairudi kwa urahisi. Mwisho wa njia nyoofu ya mbele ya majukwaa magari hufunga breki kutoka mwendo mkubwa kabisa na kuingia kona nyembamba inayokunja kulia kisha kushoto, ambamo magari mawili hayatoshi. Mwaka 2021 Max Verstappen na Hamilton walijaribu kuingia pamoja, na gari la Verstappen likaishia juu ya gari la mwenzake.

Pia kinga ya hewa haimsaidii aliye mbali. Tazama mwaka 2024: Leclerc alibadilisha tairi mara moja tu, wakati Oscar Piastri wa McLaren alibadilisha mara mbili. Piastri alikuwa na tairi mpya na mwendo bora, lakini mbio za mizunguko 53 zilikwisha akiwa bado nyuma kwa sekunde 2.664. Huo ni umbali ambao hewa ya Leclerc haikumfaa kitu.

Fundi wa Mwembeladu alijibu:

Nakubaliana na Nahodha kuhusu kona, na nimekosa kutozitaja. Ila asidhani kuwa kona zile ziliufanya uwanja kuwa wa polepole daima. Wastani wa mwendo wa Gethin, kilomita 242 na ushei kwa saa, ulipitwa mwaka 2003 na Michael Schumacher kwa kilomita 247.585 kwa saa, tena kona zikiwepo.

Mkaazi wa Wete alijibu:

Ahsanteni nyote. Sasa nimeelewa kwamba nilikuwa nikitazama mahali pasipo. Mbio za Monza huanza saa kumi za jioni kwa saa zetu, tukiwa tumekwisha kusali alasiri, na mara hii nitamwacha anayeongoza nikatazame wale wanaotoka kona ya mwisho, nione nani amejiweka umbali gani na mwenzake.