Ungekuwa mgombea urais, mwenza wako angekuwa nani: mleta kura, mwenye jina zuri au mkimya wa mafaili?

Mzee wa Kahawa
Wakuu salama? Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Nawachukua majirani zetu Kenya maana uchaguzi wa 2022 walikuwa na aina zote tatu mezani. Ruto alimbeba Gachagua, wakati huo mbunge wa Mathira, akamwacha Prof Kindiki aliyekuwa anatajwa sana, na Raila akamchukua Martha Karua. Mi nasimama na mleta kura, bila kura hata huyo mwenza mzuri unaenda naye wapi?

Mtu wa Mlima
Mkuu hapo umenigusa, mi ni wa huko Mlima Kenya. Karua alipotangazwa mitandao iliwaka, mabinti wa mtaa wetu wakaweka picha yake kwa profaili, alafu kura kuhesabiwa hata Kirinyaga kwao ikaenda kwa Ruto 😅 Gachagua yeye aliongea lugha ya sokoni, ukapigwa wimbo wa Riggy G, jina lake la utani, likashika mpaka kwa watoto. Shida ilianza akishaingia, ile story ya serikali ni kampuni na wenye hisa, yaani waliowapigia kura, ndo wa kwanza kula, sasa wale wa maeneo mengine wakauliza na sisi je? Oktoba 2024 wabunge 281 wakapiga kura atoke, Seneti ikamalizia. Na nani akakalia kiti? Kindiki yule yule aliyeachwa.

Mzee wa Kahawa
Kura si alileta lakini?

Mtu wa Mlima
Alileta. Na akaondoka na watu wake pia, ndo uchungu wenyewe.

Shangazi wa Tanga
Wanangu huku kwetu Tanzania hesabu nyingine, katiba imeshakukatia nusu ya uwanja: rais akitoka bara makamu anatoka Zanzibar, na kinyume chake. 2015 duka la Mangi hapa kulikuwa na kalenda ya kampeni, Magufuli kajaa karatasi nzima na mama Samia kadogo pembeni, hata mimi kununua sukari kila siku sikuwahi kumwangalia vizuri. Usiku wa Machi 17, 2021 ndo yeye akatokea kwenye TV kututangazia msiba wa Magufuli, na tarehe 19 akaapishwa kuwa rais. Kesho yake nikaenda kwa Mangi nikasimama mbele ya ile kalenda kama mgeni.

Jobless Msomi
Shangazi 🙌 Ila ukimya nao una gharama. Angalia Mpango aliyekuwa makamu wa Rais Samia, katoka wizara ya fedha, mtu wa namba, hana mbwembwe, 2023 hakuonekana wiki kadhaa watu wakamzushia kila kitu mpaka alipoonekana kanisani Dodoma mwezi Desemba. Angekuwa na mazoea ya kuonekana onekana huo uvumi usingepata pa kukaa. Nchimbi, mgombea mwenza wa Samia 2025, ni tofauti kidogo, huyo kabla ya uchaguzi huo alikuwa katibu mkuu wa CCM, mikutano anaijua.

Mtu wa Mlima
Na kwetu pia rais akifariki naibu ndo anamalizia muhula. Lakini kwa rali utasikia tu huyu analeta kura ngapi.

Mzee wa Kahawa
Shangazi umenivurugia msimamo wangu, leo jioni kijiweni naanza upya. Hiyo kalenda bado ipo?

Shangazi wa Tanga
Ipo baba. Mende wamekula kona ya juu, ile ya mama hawajaigusa 😂