Mpiga jazz anayeanza: kushikwa mkono na mkubwa kunasaidia nini hasa?

saksa_mtaani: Wakuu habari zenu. Napuliza alto saksafoni, mara bendi ya kanisa mara harusi, ila moyo wangu uko kwenye jazz, jazz yenyewe namaanisha, sio zile bendi zetu za zamani zilizoitwa Jazz huku zinapiga dansi. Kila nikisoma habari za wale wakubwa nakuta kuna mtu aliwashika mkono. Sasa mtu huyo anakufanyia nini? Kama ni kufundishwa tu mbona masomo YouTube yamejaa?

MzeeWaSanturi: Mdogo wangu, masomo ni sehemu ndogo sana. Mwangalie Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini. Shuleni St. Peter's kule Johannesburg alikuwa mtukutu kwelikweli, padri Trevor Huddleston akamuuliza unataka nini ili utulie, dogo akajibu nipatie tarumbeta sitasumbua mtu tena. Padri akamnunulia na mwalimu akamtafutia, wenzake nao wakataka vyombo, ndo ikazaliwa Huddleston Jazz Band. Baadaye padri akarudishwa Uingereza lakini hakuwatupa, alipopita Marekani akamsimulia Louis Armstrong, gwiji wa tarumbeta wa jazz, habari za wale vijana, na Armstrong akawatumia tarumbeta mpaka Johannesburg. Aisee, uko chini ya makaburu, mtoto mweusi, halafu unashika tarumbeta iliyotoka kwa Armstrong!! Na ni Huddleston huyohuyo aliyekuja kuwa askofu wetu Masasi 1960 hadi 1968. Yeye hakuwa mpiga jazz, alichotoa ni chombo, mwalimu na watu anaowajua. Mwaka huohuo wa 1968 Masekela akashika namba 1 Marekani na kibao chake Grazing in the Grass.

kinanda88: Mzee umenena, mi naongezea la hela maana vijana wanaliwa sana hapo. Herbie Hancock, mpiga piano, alitoka Chicago akaenda New York kwa sababu mpiga tarumbeta Donald Byrd alimchukua kwenye bendi yake, wakaishi nyumba moja Bronx. Ilipofika kurekodi albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya Blue Note, 1962, Byrd akamtahadharisha mapema kwamba watataka haki za nyimbo zako, usiwape, waambie una kampuni yako tayari. Jamaa wakakaza kweli, Herbie akashikilia msimamo, mwisho wakalegea. Ndani ya albamu kuna kibao Watermelon Man, mpiga ngoma Mongo Santamaría akairudia ikavuma 1963, sasa piga hesabu hela ilienda kwa nani. Na gwiji wa tarumbeta Miles Davis alipomtaka kwenye bendi yake, Byrd ndiye aliyemsukuma aende ingawa yeye mwenyewe anampoteza mpiga piano. Mtu wa hivyo ukimpata mshike.

DadaKoneti: Na kina mama mbona mnawaruka? 1922 kiongozi wa bendi King Oliver alimwita Armstrong Chicago apige koneti (ndugu ya tarumbeta) ya pili, sawa, mlango ukafunguka. Ila aliyemwambia utabaki wa pili mpaka lini ni Lil Hardin, mpiga piano wa bendi hiyohiyo, wakaoana 1924 na mwaka huo Armstrong akahamia New York kwenye bendi ya Fletcher Henderson. Hakumdharau Oliver hata kidogo, alizidi kumwita Papa Joe. Kwa hiyo tafuta wa kukuingiza na wa kukwambia sasa toka, sio lazima awe mtu mmoja.

saksa_mtaani: Asanteni sana jamani, hiyo ya haki za nyimbo ndo naisikia leo. Mzee, huyo mwalimu wa Masekela alikuwa nani?

MzeeWaSanturi: Walimwita Uncle Sauda, mpulizaji wa brass bendi ya manispaa ya pale Johannesburg.