Boti ya matanga ya kushindana wawili: mke na mume, jumla kilo 128, tuchukue ipi?

BintiPwani
Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tuko Uingereza, mikoa ya kati, na klabu yetu ni ya bwawani: maji membamba, miti pande mbili, upepo wa kawaida noti 6 hadi 12 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Tunataka boti yetu ya kushindana wawili. Mimi nina kilo 55, yeye kilo 73 na urefu wa mita 1.80. Moyo wetu uko kwenye boti aina ya 470, tangu tuione Olimpiki ya Paris 2024, mwanamke na mwanamume boti moja. Klabuni kuna boti za aina nyingine: RS200 tisa, GP14 tano na 420 mbili. 470 hakuna hata moja. Bajeti ni ya boti iliyotumika. Tuchague ipi, na tukienda kuitazama tukague nini?

Joshini
Dada, anza na mzani. Kila boti ina uzito wa watu inaoutaka. RS200 ina urefu wa mita 4.00 na bodi (mwili wa boti bila mlingoti na matanga) ya kilo 78. Kilo 120 hadi 140 za watu wawili zinaitosha, nanyi mko katikati. RS400, ya mita 4.52, itawashinda: upepo ukipita noti 15 mtakuwa mnalegeza tanga kuu muda wote ili msipinduke, huku wazito wanawapita. GP14 ni mchoro wa Jack Holt wa mwaka 1949, bodi karibu kilo 133. Majini imetulia na inasamehe makosa, ila kuipandisha kwenye mteremko wa zege mkiwa wawili tu, mmechoka na mmelowa, ni kazi.

Kwa uzito peke yake, 470 nayo inawafaa. Tatizo ni maji yenu. 470 ina trapezi, yaani baharia (yule asiyeshika usukani) anasimama ukingoni upande wa joshi, unakotoka upepo, akining'inia kwa waya kutoka mlingotini. Wanaokumbuka mashua za Lamu na vijana waliojipanga kwenye ubao wa joshini watanielewa: kazi ni ile ile. Upepo wa bwawa lenye miti hukata ghafla. Ukikata baharia akiwa nje, boti inalalia upande wake na mgongo wake unaingia majini. Akirudi ndani, pumzi nyingine ya upepo inakuja na hayupo pa kuizuia. Trapezi inataka upepo ulionyooka. Kwenye RS200 mnakaa ukingoni, miguu ndani ya mikanda, mnaegemea nje. Mmoja anarudi ndani kwa sekunde moja.

TeziNaOmo
Naunga mkono, na hesabu hii hapa. Mashindano ya boti za aina mbalimbali Uingereza hutumia namba za Portsmouth: muda uliotumia, mara 1000, gawanya kwa namba ya boti. RS200 iko karibu 1046, na 470 karibu 973 (orodha hupitiwa kila mwaka, angalieni ya klabu yenu). Kama RS200 imemaliza kwa dakika 60, 470 lazima imalize chini ya dakika 55 na sekunde 49 ndipo iishinde. Dakika 4 na ushee kwenye bwawa jembamba, trapezi haitumiki hata nusu ya njia, mtazitoa wapi?

Kubwa zaidi ni hizo RS200 tisa. Ukishindana na boti zilizo sawa na yako, aliyekutangulia amekupita kwa tanga au kwa usukani, na unaliona kosa lako pale pale. Peke yenu kwenye 470 mtabaki kubishana na kikokotoo.

Ila nipingane na Joshini kidogo. RS200 ina jenaka, tanga kubwa la mbele lisilo na pande sawa, na jenaka haipendi kwenda na upepo nyuma moja kwa moja. Mnashuka kwa kukata kona, huku na huku. Penye maji membamba kila kona ni kugeuza upya, na spinaka ya GP14, tanga la mbele lenye pande sawa, inashuka imenyooka. Siku ya noti 6, GP14 tano hizo msizidharau.

FundiBodi
Mimi niseme ukaguzi tu.

Pimeni bodi kwa mzani wa kuning'iniza. RS200 iliyozidi kilo 78 kwa kilo 4 au 5 huenda imenyonya maji. Kisha bonyezeni sakafu na sitaha kwa kidole gumba, kila sentimita 10, hasa pale baharia anapokanyaga. Pakibonyea na kurudi kwa mlio mdogo, faibaglasi imeachana na povu gumu lililo ndani yake. Hapo teremsheni bei sana au ondokeni.

Vyumba vya hewa: zibeni vizibo vyote isipokuwa kimoja, hapo pulizeni kwa pampu ya mkono ya godoro, polepole. Compressa kamwe, inafumua kiungo cha sitaha. Pakeni maji ya sabuni kwa brashi kwenye kiungo chote, ala ya ubao wa katikati (kisanduku unamopita ubao unaoshuka majini) na kila skrubu. Povu likichemka, ndipo panapovuja. Kuvuja kwenye skrubu ni kazi ya saa moja. Kwenye pembe ya ala ni kukata na kujenga upya.

Waya za mlingoti: pitisheni kipande cha pamba toka juu hadi chini. Kikinasa, uzi mmoja umekatika. Badilisheni waya zote mbili za pembeni, maana zina umri mmoja. Mwisho, unga mweupe kuzunguka riveti mguuni mwa mlingoti ni alumini inayolika.

BintiPwani
Asanteni sana, ni RS200 basi. Nani ashike kana (mkono wa usukani)?

Joshini
Kwenye boti za trapezi mwepesi hukaa usukanini na mrefu mzito huning'inia, ingawa si sheria. Kwenye Olimpiki hiyo ya Paris 2024, matanga yakishindaniwa Marseille, dhahabu ya 470 ilikwenda Austria, Lara Vadlau usukanini na Lukas Mähr kwenye trapezi. Fedha ikaenda Japani, Keiju Okada usukanini na Miho Yoshioka kwenye trapezi.

Kwenye RS200 angalieni mikono. Mwenye kana ndiye pia mwenye kamba ya tanga kuu, na baharia anapandisha jenaka, anaivuta na kuigeuza. Jaribuni mashindano matatu kila mmoja kabla ya kuamua. Baharia ndiye ahesabu kwa sauti mwanzoni: dakika 5, 4, 1, kisha kuondoka. Na jenaka ikiwa juu aseme neno moja tu kila mara: "upepo upo" au "umepungua". Ukipungua, nahodha (mwenye kana) apandishe omo, yaani pua ya boti, kidogo kuelekea upepo ili kuutafuta. Ukirudi, ashuke nao.