Naomba ushauri: kifungu kitajwe kwa toleo lipi la sheria?

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Andiko la uzamili kuhusu mgombea binafsi limekwama kwenye rejea. Hukumu hazisumbui: Rufaa ya Madai Na. 45 ya 2009 ya Mahakama ya Rufani, iliyoamuliwa Juni 2010, ipo bure TanzLII (hifadhi ya mtandaoni ya sheria na hukumu za Tanzania), na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu (Maombi Na. 009 na 011 ya 2011), ya Juni 14, 2013, ipo kwenye tovuti ya mahakama hiyo, ambayo iko hapa hapa mjini. Zinapingana, na utamu uko hapo.

Kinachosumbua ni sheria zenyewe. Toleo la Urekebu la 2023, yaani mkusanyo wa sheria za Tanzania uliorekebishwa, limeanza kutumika Julai 1, 2025. Nikitaja toleo la siku ya hukumu, msomaji akifungua jipya anaweza kukuta namba imehama. Nikitaja jipya, hailingani na maneno ya majaji. Mnaweka zote mbili kwenye tanbihi?

La pili: ibara ya 39(1)(c) na 67(1)(b) za Katiba ya 1977, zinazotaka mgombea urais na ubunge awe amependekezwa na chama cha siasa. Andiko ni la Kiingereza. Ninukuu Kiswahili kisha nitafsiri, au tafsiri iliyopo inatosha? Msimamizi wa kitivo cha sheria atakubali ipi?