Nyumba mpya Bukavu: maji ya moto, baridi ya usiku na umeme wa jua

Swali
Ndugu wapendwa, namaliza kupaua nyumba ya vyumba vinne huku Panzi, na kabla fundi hajafunga plafon (dari) ningependa kuamua juu ya joto na umeme. Tutakuwa watu saba, pamoja na mama yangu ambaye baridi ya usiku humsumbua viungo. Shemeji aliyeko Ubelgiji ananihimiza nipashe joto vyumba vyote, na muuzaji mmoja anasema paneli nane na batri zitatosha kwa yote, hata maji ya kuoga. Mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, sitaki iingie tena chumbani.

Jibu la kwanza
Kuhusu mbabula umeamua vizuri, kwani moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Mfumo wa shemeji uuache hukohuko Ubelgiji, ambako maji huganda nje. Sisi tuko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, na baridi yetu huzuiliwa na plafon iliyozibwa vizuri, milango isiyopitisha upepo na chumba cha mama kinachopokea jua la alasiri.

Penye hesabu ni maji. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunahitaji takriban kilowati-saa 5, na paneli ya wati 400, siku ya jua la wastani, hutoa kama 1.6, kwa hiyo zaidi ya paneli tatu kati ya nane zako zingefanya kazi ya bafu peke yake. Paneli hugeuza kuwa umeme kama sehemu moja ya tano tu ya mwanga, ilhali kipasha maji cha jua huyapa maji joto moja kwa moja bila kupitia batri. Nunua hicho kwanza, kisha paneli zihudumie taa, friji na simu. Ukichukua batri za risasi, usizitumie kupita nusu, la sivyo zitakufa mapema.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila hakutaja uzito. Tangi la lita 200 likijaa hupita kilo 200, nami nililipandisha juu ya mbao zilizokusudiwa kubeba mabati tu. Miezi michache baadaye paa lilibonyea na plafon ikapasuka. Mwambie fundi leo, angali juu. Tena, kwa kuwa bomba zetu hukauka mara kwa mara, weka tangi la maji baridi juu zaidi ya kipasha maji ili kisikae kitupu juani.

Muuliza swali
Asanteni sana. Je, siku za mvua mfululizo tutaogea nini?

Jibu la kwanza
Chagua kipasha maji chenye rezistansi ya umeme ndani (chuma kinachopasha maji kwa umeme), uiwashe kwa umeme wa mtaa unapokuwepo, kamwe si kwa batri. Paneli nazo uziinamishe kama nyuzi 10 ili mvua hiyohiyo izioshe vumbi.