Tupeane uzoefu: kubadilisha amplifaya na kutuliza stima ya nyumbani, Mombasa

Besi_Kisauni
Assalam aleikum wadau. Naomba tukusanye hapa visa vya waliobadilisha amplifaya nyumbani, au walioweka stebilaiza (kifaa cha kutuliza volti), na kilichofuata. Naanza na changu.

Nilikuwa na amplifaya ya wati 50 kila upande na spika mbili za ohm 8. Kila ikifika saa moja jioni besi inalegea, na sauti ya mwimbaji inapasuka nikipandisha kidogo tu. Usiku wa manane, kitu kile kile, kanda ile ile, chaimba vizuri. Nikaamini amplifaya imechoka. Nikaenda Mwembe Tayari nikanunua ya wati 100. Jioni ya kwanza nafuu ilikuwa ndogo mno, na besi imelegea vilevile. Pesa zile nilikuwa nimeziweka miezi minne, na iliniuma.

Fundi jirani yangu akaja na mita, akaweka ncha zake kwenye soketi. Saa kumi alasiri ilisoma volti 238. Saa moja na nusu, mtaa mzima umewasha pasi na majiko, ikasoma 184. Tukakaa chini tunaitazama: 184, 181, mtu akazima kitu huko, 192, ikarudi 185. Akanieleza kuwa amplifaya za transfoma kama yangu, volti za ndani hufuata za ukutani. Na nguvu ya sauti huenda kwa mraba wa volti. Kwa hivyo stima ikishuka karibu robo, wati 100 zinabaki kama 59. Juu ya hapo, kutoka wati 50 hadi 100 ni desibeli 3 tu, ongezeko dogo kwa sikio, hata stima ikiwa timamu. Laiti ningepima kwanza.

Nanyi je?

Mvita_Ud
Waleikum salam. Mimi nalinunua amplifaya kuukuu ya Kijapani, nzito hata ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale twaliipandisha wawili. Nyuma imeandikwa 100V. Muuzaji akanipa na transfoma ya kushusha, akaniambia yatoa 110, haina neno. Wiki mbili nasikiliza taarab kwa raha, ud yasikika hadi ule mkwaruzo wa unyoya kwenye nyuzi. Lakini mfuniko ukawa moto, kiganja hakikai.

Fundi akapima. Ile transfoma kazi yake ni kugawanya kwa mbili. Ukiipa 220 yatoa 110, lakini kwetu ni 240, kwa hivyo yatoa 120. Amplifaya iliyoundwa kwa 100 ilikuwa yala 120 kila siku. Akaifungua mbele yangu. Kapasita (vihifadhi chaji) mbili kubwa, zenye vichwa vya bati vilivyotakiwa kuwa bapa, zilikuwa zimevimba kama mahamri. Zimeandikwa volti 50, nazo zilibebeshwa 54. Akazing'oa, akalehemu za volti 63, na transfoma tukatafuta ya 240 kwa 100 hasa. Sasa joto ni la kawaida. Mkinunua kitu cha Japani ulizeni transfoma ni ya ngapi kwa ngapi. Neno "ya kushusha" peke yake halitoshi.

Bamburi_Upepo
Kabla hujanunua chochote, ukikaa karibu na bahari, angalia nyaya za spika. Upande wangu wa kushoto ulikuwa unapotea na kurudi. Ncha za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani, chumvi tupu. Nilikata inchi moja ya waya, nikalehemu upya, nikapuliza dawa ya kusafishia swichi kwenye kitufe cha sauti. Ukarudi.

Majengo_Ghorofani
Changu kilinitisha. Jumapili moja mchana taa zetu ziliwaka nyeupe hadi zaumiza macho, huku kwa jirani wa mkabala zimefifia. Kumbe nyutro (waya wa kurudisha stima) ya jengo imeachia kwenye bodi ya chini. Nyutro ikikatika kwenye stima ya fezi tatu, nyumba zinagawana baina yao zile volti 415 za kati ya fezi na fezi. Mwenye vitu vichache vilivyowashwa hupata volti nyingi, mwenye vitu vingi hupata chache. Sisi tulikuwa na TV na chaja mbili tu. Zote ziliungua.

Amplifaya ilipona kwa sababu ilikuwa nyuma ya gadi ya volti yenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), ile inayokata ikipita 260. Ilisema tak mara moja, ikabaki taa nyekundu. TV ilikuwa kwenye ekstensheni iliyouzwa kuwa inazuia radi. Ile haikati kitu. Kidude chake cha ndani humeza pigo fupi sana la umeme, hakiwezi kusimama mbele ya volti zilizozidi dakika nzima. Kilipasuka, na harufu yake ilikaa sebuleni siku mbili. Fundi alikuta skrubu ya nyutro imelegea na waya umekuwa mweusi. Nawaomba sana wanaokaa ghorofani: bodi ya chini ikazwe na mtu anayejua kazi, tena mara kwa mara.

Tudor_Creek
Mimi mngurumo. Nikiunganisha kompyuta tu, spika zinaguna. Mtu akanishauri nikate waya wa athi (wa ardhini) kwenye plagi. Nilikataa, na yeyote atakayekushauri hivyo kataa, waya ule ndio unaokuokoa kasha la chuma la amplifaya likishika stima. Nilichofanya ni kuhamisha kompyuta na amplifaya kwenye soketi moja ya ukutani. Kimya.

Likoni_Mtongwe
Yangu ni ndogo, ya klasi D, na adapta yake imeandikwa 100–240, yaani inakubali volti yoyote katikati ya hizo. Jioni stima ikishuka sioni tofauti. @Besi_Kisauni, mwisho ulinunua stebilaiza gani? Nilijaribu ya rilei, kila volti zikicheza inapiga tak tak na spika zinadonoa.

Besi_Kisauni
@Likoni_Mtongwe hata mimi niliikimbia ya rilei. Nilichukua ya mota, ya VA 2000, inapandisha polepole bila kudonoa. Ina uvumi mdogo, kwa hivyo nimeiweka nyuma ya mlango. Friji nimelitoa kwenye laini hiyo kabisa, maana kompresa ikiamka ilikuwa inaivuta. Nikairudisha na amplifaya yangu ya zamani ya wati 50 nione. Jana saa moja na nusu: ukutani 179, baada ya stebilaiza 233. Ile ya wati 100 bado iko chini ya meza, sijaiwasha tangu Ijumaa.