Mume wangu ametamka talaka kwa simu, sasa anataka kuwapeleka watoto nyumbani. Mahakama za hapa Uingereza zinafanyaje?

Kutoka: Dada wa Leicester

Assalaam alaykum na habari zenu ndugu zangu. Nauliza kwa ajili yangu mwenyewe, sina haja ya kumsingizia rafiki. Tulifunga ndoa Tanga na cheti tunacho. Watoto ni wawili, mmoja yuko shule ya msingi, mwingine bado chekechea. Mwezi uliopita mume wangu alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp akatamka talaka. Baadaye akasema likizo ikifika watoto wanakwenda kwa bibi yao na watasoma hukohuko. Pasipoti zao kazifungia kabatini mwake. Je, nimeshaachika kwa sheria ya hapa? Anaweza kuwachukua? Na mimi nikimtangulia nikaondoka nao, itakuwaje? Wakili niliyempigia alianza kunitajia bei kabla sijamaliza kueleza.

Kutoka: Mzee wa Reading

Pole mwanangu. Ningekushauri usikimbilie mahakama ya wazungu. Waite wazee wa pande zote mbili mkae. Mahakama ikishaingia kati ya mke na mume, undugu nao unakwisha. Talaka ya hasira hurejewa, tumeyaona hayo.

Kutoka: Mkalimani, Birmingham

Shikamoo mzee wangu. Dada, pole kwa mtihani. Mimi ni mkalimani, mahakama za familia ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Si wakili, na kesi za watu sizisimulii. Ninayoandika ni ya England na Wales, walioko Scotland wana sheria yao.

Kwa upande wa dini muulize sheikh. Kwa sheria ya hapa wewe bado ni mke wa mtu. Sheria ya Familia ya 1986 haitambui talaka yoyote iliyotolewa ndani ya nchi hii ila ile ya mahakama, hata kama imetamkwa msikitini mbele ya mashahidi. Mabaraza ya sharia yanaweza kukupa talaka ya kidini, na wanawake wengi wanaihitaji ili waolewe tena, lakini serikalini karatasi hiyo haihesabiki. Na mtu asikudanganye kwamba nyumbani ni rahisi zaidi. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka mpite kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo itoe talaka.

Bahati yako ni hicho cheti. Ndoa iliyofungwa Tanga kwa kufuata sheria ya kule inatambuliwa hapa. Wanaolia ni wale waliofungishwa nikaha sebuleni hapahapa Uingereza bila kusajili. Mwaka 2020, katika shauri la Akhter, Mahakama ya Rufaa ilisema shughuli kama hiyo haihesabiwi hata kuwa ndoa batili, kwa hiyo madai ya mali kama wanandoa hayapo.

Talaka yenyewe siku hizi haina kelele. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 humtuhumu mwenzio uzinzi wala ubaya wowote. Unatamka kwamba ndoa imevunjika, na tamko lako linatosha. Hawezi kuzuia kwa kusema bado anakupenda. Sharti ndoa iwe imetimiza mwaka. Ombi linajazwa mtandaoni, ada ni pauni 612, na mwenye kipato kidogo anaomba msaada wa ada. Zinapita wiki 20, unaomba amri ya masharti, yaani mahakama ikubali kwamba unaweza kupewa talaka, halafu wiki sita na siku moja, ndipo unaomba amri ya mwisho. Kwa hiyo haipungui nusu mwaka. Cheti kikiwa kwa Kiswahili kitupu kitafsiriwe na mtafsiri anayeithibitisha tafsiri yake.

Angalizo moja ambalo watu wetu hulipuuza: amri ya mwisho inavunja ndoa, haigawi nyumba wala pensheni. Fedha zina shauri lake. Hata mkikubaliana kwa amani, yapelekeni makubaliano hakimu ayafanye amri. Bila hivyo mtu anaweza kuibuka baada ya miaka mingi akadai.

Sasa watoto. Hapa tunaingia na fikra za nyumbani: kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni wa mama, au kwamba watoto ni wa ukoo wa baba. Hakimu wa hapa hana habari na hayo. Sheria ya Watoto ya 1989 inamwambia maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza: mahitaji yake, athari ya kumhamisha, hatari yoyote inayomkabili, na matakwa yake kulingana na umri na uelewa wake. Nyote wawili mna wajibu wa wazazi, yaani haki na majukumu ya mzazi kisheria, kwa sababu mlikuwa mmeoana, na kutengana hakuuondoi. Mkikubaliana wenyewe nani analala wapi siku gani, mahakama haina haja ya kuwaingilia. Ndiyo maana mzee simpingi moja kwa moja. Mahakama yenyewe, kabla hujawasilisha fomu C100, ile ya kuomba amri kuhusu watoto, inataka uwe umeonana na msuluhishi, isipokuwa pawe na unyanyasaji au dharura. Kikao cha wazee kikileta maelewano, alhamdulillahi. Kasoro yake ni kwamba akiyavunja kesho, hakuna wa kumshurutisha.

Ukishafungua shauri, ofisa wa Cafcass, idara inayoishauri mahakama kuhusu maslahi ya watoto, atawapigia simu nyote wawili, ataulizia polisi na ustawi wa jamii, kisha atamwandikia hakimu barua kabla ya siku ya kwanza. Simu hiyo ipokee ukiwa mahali tulivu, si kwenye basi. Hakimu akitaka kujua zaidi ataagiza ripoti kamili, na hapo ofisa huweza kuongea na watoto wenyewe.

Chumba chenyewe huwashangaza watu. Hakuna wigi wala joho, kuna meza, jagi la maji na boksi la tishu. Mara nyingi wanaosikiliza ni mahakimu watatu wa kujitolea, raia waliopewa mafunzo, na mshauri wao wa sheria pembeni. Akina baba wetu hufika na bahasha nene ya risiti. Zinawekwa kando, baba anaulizwa: mwalimu wa mtoto anaitwa nani? Daktari wa meno nani humpeleka? Unasikia kimya. Akina mama nao humaliza dakika zao zote wakimchambua mume na mama mkwe, na mtoto hajatajwa hata mara moja. Mkalimani analipwa na mahakama, mwombe kwenye fomu. Usilete mtoto wa shangazi akutafsirie ndoa yako.

Swali lako la mwisho ndilo linalonitisha. Usiondoke nao. Kumtoa nje ya nchi mtoto wa chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi mwenzio au ruhusa ya mahakama ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1984, kifungo hufika miaka saba, na linamshika mama kama linavyomshika baba. Mwenye amri kwamba mtoto aishi naye ndiye anaweza kusafiri naye hadi siku 28. Na ujue Tanzania na Kenya hazimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto waliotoroshwa. Watoto wakishatua huko, utaanza kesi upya kule.

Halafu hati za mahakama usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp, wala humu. Mashauri ya watoto ni ya faragha, kuyaanika kunaweza kuwa kudharau mahakama.

Kutoka: Baba wa Coventry

Naongezea la upande wetu sisi tunaoonana na watoto wikendi. Matunzo na kuonana havifungwi pamoja. Mama hawezi kukunyima mtoto kwa sababu hujalipa, nawe huwezi kugoma kulipa kwa sababu umenyimwa mtoto. Mkishindwa kuelewana kuhusu matunzo, mara nyingi si hakimu anayepanga, ni Child Maintenance Service, idara ya serikali ya matunzo ya watoto: kwa kipato cha kawaida asilimia 12 ya mshahara kabla ya kodi kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu na zaidi, na inapungua kadiri mtoto anavyolala kwako. Na ndugu zangu wanaume, acheni kutuma meseji usiku mkiwa na hasira. Zote huchapishwa zikaletwa mezani.

Kutoka: Dada wa Leicester

Ahsanteni, na mzee nimekuelewa. Nimeogopa zaidi sasa. Jana nimeona kwenye simu yake ameulizia tiketi za watatu. Shule inafungwa Ijumaa. Kazi yangu ni ya masaa machache, wakili sitamweza. Na viza yangu ni ya mwenza, nikifungua kesi si nitafukuzwa?

Kutoka: Mkalimani, Birmingham

Dada, usingojee majibu mengine humu. Tafuta leo hii wakili wa familia anayechukua msaada wa kisheria, na umwambie kwa maneno haya: kuna hatari watoto kutoroshwa nje ya nchi. Kesi nyingi za familia ziliondolewa kwenye msaada huo mwaka 2013, lakini kuzuia mtoto asitoroshwe kumebaki, ikiwa kipato chako kinakidhi vigezo. Ataomba amri ya kumkataza baba asiwasafirishe na pasipoti zikabidhiwe. Inaweza kusikilizwa siku hiyohiyo bila yeye kujulishwa, na kikao cha msuluhishi hakihitajiki. Ukiona safari ni ya leo au kesho, piga 999. Polisi wanaweza kuarifu viwanja vya ndege na bandari.

Kufungua kesi ya watoto peke yake hakukufukuzishi. Kuvunjika kwa ndoa ndiko kunakogusa viza ya mwenza, kwa hiyo mtafute mshauri wa uhamiaji kabla ya talaka. Kama amewahi kukupiga, kukutisha au kukunyima fedha, mwambie bila aibu, maana wahanga wa unyanyasaji wana njia yao ya kuomba ukaazi.

Chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, na picha ya hayo maulizo ya tiketi kama uliipiga. Ule ujumbe wa sauti usiufute.